Ng'ombe wa Mahari Juu ya Paa

Robanda, Serengeti
9 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa Mogesi,

Pokea salamu kutoka huku nilikoolewa. Mimi sijambo, mume wangu Sadock hajambo, na wakwe zangu wote ni wazima. Natumaini hapo Nkende baba na mama wanaendelea vizuri. Wape shikamoo yangu. Mama mwambie ile kanga aliyofungia sufuria zangu bado sijaifua, kwa sababu ina harufu ya nyumbani.

Usinicheke kwa kukuandikia barua wakati una simu. Kwa simu wewe husema "tuko poa" halafu unakata. Kwa barua itabidi ukae chini unijibu. Tena Sadock alinichumbia kwa barua, kwa hiyo kwangu jambo la maana ni lile lililoandikwa kwa mkono. Hii anakuletea Efrazia, yule mama anayetoa ndizi Tarime kuleta Mugumu.

Kaka, sikujua kwamba mtu anaweza kuamka anacheka. Sadock akiondoka asubuhi namsindikiza mpaka njia panda, na mama mkwe anasema nitamchosha mtoto wa watu kabla hajafika kazini. Jioni anarudi na mikono isiyonuka dizeli. Kazi yao pale kambini ni kutoa injini za dizeli kwenye magari ya watalii na kuweka mota na betri, zinazochajiwa kwa sola. Jumapili iliyopita alipata ruhusa akanipeleka kidogo. Gari halikunguruma. Nilisikia nyasi zikigusa bodi, na pundamilia waliendelea kula kama vile sisi ni upepo. Sadock alikuwa anaeleza mambo ya betri, mimi nilikuwa namtazama sikio.

Lakini mengine niliyasikia. Alikuja mtaalamu mmoja kuzungumza nao pale kambini, Sadock akanieleza yote wakati wa chakula. Dizeli yote tunainunua nje, na inalipwa kwa dola. Kila lita ambayo gari halikuichoma, dola yake inabaki kununua mbolea na dawa. Ndiyo maana serikali imeamua kwa dhati kupunguza moshi: siyo kwa ajili ya hewa peke yake, ni kwa ajili ya mfuko wa nchi, na ajira kama hii ya mume wangu. Nikiwa kidato cha tano niliona uchumi ni somo kavu. Sasa nimeolewa na mtu anayelifanya kwa spana.

Je, ng'ombe wangu hawajambo? Yule mtamba mwenye baka jeupe ameshika mimba? Kwa Mzee Heche mnakwenda lini kumposa binti yake? Mimi huwa nafurahi nikiwaza desturi yetu, kwamba ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu ndio watakaomleta Nyangi kwako. Naona kama mimi na Nyangi tumefungwa kamba moja na furaha yangu inamvuta kuja kwenu.

Dada yako mwenye raha,
Wegesa

Nkende, Tarime
16 Machi 2025

Mdogo wangu Wegesa,

Barua yako ilikaa kwa Efrazia wiki mbili chini ya mikungu ya ndizi. Nimeipata ina utomvu. Tuko wazima. Mama anasema fua hiyo kanga, atakupa nyingine. Baba hajambo, ila siku hizi ni mtu wa kimya.

Nimesoma habari za shemeji na sikio lake. Nilikuwa nakula, nikaacha kwanza.

Hayo ya uchumi sikatai, lakini wewe unayaona kutoka kwenye kiti cha gari la watalii. Mimi nayaona kutoka njia ya Sirari, mpakani. Pale kuna vijana wanaoishi kwa kuuza petroli ya chupa. Kuna mafundi wa injini ambao hawajui kitu kingine. Nchi ikiacha mafuta, hao watakula hewa safi? Mwambie huyo mtaalamu wenu apite na huku. Halafu hizo betri zinatoka wapi? Si nje hiyo hiyo, na si dola hizo hizo?

Hata hivyo niulizie shemeji jambo moja, ni kwa ajili ya rafiki yangu. Mtu akitaka kuendesha mashine ya kusaga kwa sola, bila dizeli, paneli zitazame upande gani? Na mawingu yakija ghafla mashine ikiwa na mahindi katikati, inaharibika au inasimama tu? Rafiki yangu ana wasiwasi kidogo.

Mimi mwenyewe nimeanza kazi ya kusaga hapa mtaani. Nitakueleza siku nyingine. Nyangi anakusalimia. Anasema barua zako nisiwe nazisoma peke yangu, nimsomee na yeye, maana mimi naruka sehemu nzuri.

Ni mimi kaka yako,
Mogesi

Robanda
27 Aprili 2025

Kaka Mogesi,

Natumaini hamjambo nyote. Huku mvua inanyesha vizuri na mahindi yamefika kiunoni. Tembo wamepita mara moja tu, wakala safu za pembeni kama wageni wenye adabu. Shikamoo kwa baba, na umwambie hata kimya chake nakikumbuka.

Sadock yuko nyumbani siku nyingi kipindi hiki, kwa sababu ya masika, si unajua watalii hupungua. Raha iliyoje. Ametengeneza rafu ya vyombo, kisha ametengeneza ya pili ambayo hatuna vyombo vya kuweka. Jana amenifundisha kupima betri kwa kile kifaa chake, mkono wake juu ya mkono wangu. Nimeelewa polepole makusudi.

Amejibu swali la rafiki yako. Paneli zikae paani zikilala kidogo tu, kwa kuwa sisi tuko karibu sana na ikweta, na zisiguswe na kivuli hata cha mpapai. Wingu likija mashine inasimama tu, haiharibiki, ila asiwashe tena ikiwa imejaa mahindi. Kwanza ayatoe. Amesema rafiki yako ni mtu mwenye akili, na kwamba anamwonea wivu kidogo.

Kuhusu betri umesema kweli, zinatoka nje. Nilimpelekea Sadock maneno yako nikidhani atanyamaza. Alisema: betri unainunua mara moja ukakaa nayo miaka, dizeli unainunua kila asubuhi. Jua, ukishalijengea mlango, halikudai tena. Na kuhusu vijana wa Sirari alikubaliana nawe. Akasema sera ikiwa kubwa lazima iwe na darasa ndani yake, kwamba yeye mwenyewe alikuwa fundi wa dizeli na kuna mtu alikaa naye miezi akamfundisha. Kama hakuna wa kukaa na wale vijana, basi wewe una haki ya kulalamika, na nchi itapoteza mikono mizuri. Nilimpenda zaidi kwa kukubali.

Sasa kaka. Nilikuuliza kuhusu yule mtamba na hukunijibu. Uliruka sehemu hiyo kama unavyoruka sehemu nzuri. Na kwa Mzee Heche vipi? Mavuno yanakaribia, watu wataanza harusi.

Wako,
Wegesa

Nkende
22 Juni 2025

Wegesa mdogo wangu,

Mama mzima. Baba mzima. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na wewe ulitaka nikae chini, basi nimekaa.

Jumamosi wazee wa Mzee Heche walikuja kuchagua ng'ombe wa mahari. Unajua wanavyokuja, na fimbo zao, kumkagua kila mnyama meno na mbavu. Walikuwa watatu, pamoja na Mzee Heche mwenyewe na mzee Erasto mwenye mdomo. Mama aliwapikia. Baba aliwasalimia, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Walipomaliza kula, Mzee Heche akaniuliza, "Haya kijana, tupeleke. Ng'ombe wako wapi?"

Nikasema, "Mzee, hapa hapa."

Wakatazama uani. Kulikuwa na kuku.

"Hapa wapi?"

"Juu," nikasema.

Wote watatu wakatazama paa. Mzee Erasto alishika kofia yake kabisa. Akazunguka nyumba nzima akitafuta zizi, akarudi akasema, "Heche, huyu mtoto ana homa, au sisi tumepewa pombe ndani ya uji?"

Wegesa, hakuna rafiki. Rafiki ni mimi. Ng'ombe wako wote niliwauza mnadani mwezi wa Januari, na yule mwenye baka jeupe. Nimenunua sola na mashine ya kusaga ya umeme. Baba alinikabidhi ng'ombe nioe, na mimi nikawageuza bila kumwambia. Tangu siku hiyo hasemi na mimi. Anamwambia mama, mama ananiambia, na sisi tumekaa meza moja.

Nilifanya hivi kwa sababu mwaka jana nilisagisha kwa mashine za dizeli nikaona zinafungwa kila mafuta yanapopanda. Akina mama wanarudi na mahindi kichwani. Nikasikia sola imeondolewa kodi, na kwamba nchi inataka watu kama sisi tuanze. Nikawaza, ng'ombe watakaa kwa Mzee Heche wakisubiri kuibwa, lakini mashine itamlisha Nyangi. Nilidhani nikimwonyesha Mzee ikisaga ataelewa. Niliwasagia debe moja pale pale. Walionja unga. Mzee Erasto alisema ni mzuri. Mzee Heche alisema mashine haizai.

Kisha akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyosema: "Ng'ombe hawa si wako. Ni wa dada yako. Wewe uliambiwa uwashike tu. Dada yako akisema amewaona juu ya hilo paa, na mimi nitawaona. Akikaa kimya, binti yangu anabaki kwangu. Kuna mtu wa Sirari ana ng'ombe wenye miguu. Nangoja mpaka mavuno yaishe."

Nyangi amelia, halafu amenikasirikia, halafu ameniambia nikuandikie wewe.

Sina la kukuomba kwa ujanja. Nakuomba.

Mogesi

Robanda
3 Agosti 2025

Kaka,

Tuko wazima huku. Salamu kwa mama. Baba nampa shikamoo mbili, moja ni ya kumpa pole.

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mke mpya hapaswi kuyajua. Ng'ombe wale nilikuwa nikiwawaza nikiwa nateka maji. Siku niliyoondoka niliwatazama wakiingia zizini na nikasema, basi mimi bado niko hapa. Ukaenda kuwauza, halafu ukaniacha niulize habari za mtamba barua mbili. Hilo tutalimaliza mimi na wewe nikija, na uandae masikio.

Ilibidi nimwambie baba mkwe, Mzee Nikolaus, kwa sababu wanyama wale walitoka kwake. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Alikohoa tu, akasema, "Ng'ombe akishatoka zizini kwangu simfuati nyayo." Mama mkwe ndiye aliyecheka. Aliniambia, "Sasa mwanangu hata ukichoka na Sadock huna pa kurudi, hakuna ng'ombe wa kuturudishia." Nikamwambia, mama, sikuwa na mpango huo. Kweli kaka, usiku ule nilijiona nimeolewa mara ya pili.

Na mimi kuna jambo sikukuandikia. Nilisema Sadock alikuwa nyumbani kwa sababu ya masika. Masika yalikuwepo, lakini karakana ilifungwa tangu Machi, betri zilizoagizwa nje zilikwama njiani. Rafu zile mbili alizitengeneza mtu asiye na kazi. Siku aliyorudi na boksi lake la spana, ule uchumi niliokuwa nakuimbia nilikuwa siuoni tena hata kidogo. Sikutaka wewe uujue ukweli huo kwa sababu ungesema "si nilikuambia". Sasa betri zimefika, amerudi kazini, na wamemwongezea vijana wawili wa kuwafundisha. Mmoja alikuwa anauza petroli ya chupa. Lakini nimejifunza kwamba jambo linaweza kuwa zuri kwa nchi nzima na bado likakaa mlangoni kwa mtu mmoja likiwa zito, na mtu huyo lazima asaidiwe kulibeba. Hilo halinifanyi niache kuliamini. Linanifanya niamini nikiwa nimefumbua macho.

Nilipomsomea Sadock barua yako aliuliza swali moja tu: "Nyaya zake ni nene kiasi gani?" Atakuja kuziangalia.

Maneno yaliyo chini ni ya Mzee Heche. Nyangi amsomee mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wazee wale wale. Wewe usifungue mdomo mpaka uulizwe.

"Shikamoo Mzee Heche. Ni mimi Wegesa, niliyeolewa Robanda. Ng'ombe wale ni wangu. Sikuambiwa kama wanauzwa, na sitasema uongo kwamba niliambiwa. Lakini nimewatafuta na nimewapata, wako juu ya paa Nkende, na mimi ninasema ni wao.

"Mzee, wewe unakumbuka mwaka wa ukame, ulivyokuwa unawainua ng'ombe kwa mikono na bado wakalala. Jua lile lile lililomaliza malisho yako ndilo chakula cha hawa. Hakuna mwizi atakayewavusha mpaka wa nchi gizani. Hawangoji mafuta kutoka nchi za watu. Mama zangu wa bomani kwako watasaga mafuta yakipanda na yakishuka, na pumba zitarudi kwako kulisha wale wenye miguu.

"Hawazai. Hilo umesema kweli. Kwa hiyo kaka yangu atakuletea mtamba mmoja kila mavuno, kutoka kwenye jasho la mashine, mpaka useme basi, na wewe ndiye utakayemchagua mnadani. Siku nikisikia ameruka msimu mmoja wa mavuno, nitapanda mwenyewe kwenye paa, nitafungua paneli zangu na kumkabidhi Nyangi, na yeye ataamua kama kaka yangu anafaa kubaki chini ya paa hilo.

"Mimi nimependwa, Mzee. Sijui neno lingine la kukuambia kuhusu ng'ombe wale. Walifanya kazi yao vizuri kwangu. Nawaomba waifanye na kwa Nyangi."

Wasalimie wote.
Wegesa

Nkende
31 Agosti 2025

Wegesa dada yangu,

Nasema dada, siyo mdogo wangu, kwa muda kidogo.

Mama anacheka peke yake jikoni. Habari nyingine zote ni nzuri, nitaziruka, maana najua unataka moja.

Nyangi alisoma amesimama. Alianza kwa sauti ya chini, alipofika pale pa ukame ikanyooka. Mzee Heche aliamuru isomwe tena. Halafu akanitazama, mimi nikatazama chini kama ulivyosema.

"Na jua likizama?" akaniuliza.

"Wanalala, Mzee. Kama ng'ombe wengine."

Mzee Erasto alicheka mpaka akakohoa. Mzee Heche hakucheka.

"Na wakiugua?"

"Shemeji yangu wa Robanda ndiye daktari wao."

"Robanda ni mbali. Akufundishe na wewe. Mtu asiyejua kumtibu mnyama wake asichunge." Kisha akamgeukia Mzee Erasto. "Huyu msichana aliyeandika," akasema, "angekuwa wa kwangu nisingemwoza kwa kundi lolote."

Siku tatu baadaye alikuja Nkende asubuhi, bila kutuma taarifa. Alikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi. Akataka ngazi. Nikamwambia, Mzee, nitapanda mimi, akasema, "Tangu lini mtu anachaguliwa ng'ombe na mkwe?"

Sikumwona baba alipotoka. Nilimwona tu ameshika ngazi kwa mikono miwili, huku akiniambia, mimi mwenyewe, kwa mdomo wake, "Simama upande ule, ngazi hii miguu yake haina nguvu." Hayo ndiyo maneno ya kwanza tangu Januari. Nilisimama upande ule haraka.

Mzee Heche alifika juu, akaweka kiganja kwenye paneli ya kwanza, akakiondoa upesi.

"Wana joto," akasema.

"Wanakula," baba akamjibu kutoka chini.

Alizikagua zote, akizigonga pembeni kwa kidole na kusikiliza. Alikataa mbili, hakusema kwa nini. Tatu alizichagua, akazipaka kwenye fremu alama ya ukoo wake, ile wanayowachoma nayo ng'ombe begani. Aliposhuka alikuwa na rangi kwenye kofia, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Mtamba wa kwanza ameshamchagua mnadani, mkali sana, amenipiga teke. Shemeji aje mapema kidogo na vifaa vyake, nyaya zangu ni nyembamba, nimeshapima.

Nyangi anapita hapa mchana kuleta mahindi ya kwao. Wateja wanauliza zile alama nyeupe juu ya paa ni za nini. Mimi huwaambia wamuulize mwenye mali. Anawajibu huku anashikilia gunia, bila hata kutazama juu: "Hao ni wangu. Nimewapata kwa wifi yangu."

Ni mimi kaka yako, ninayeishi chini ya ng'ombe wako,
Mogesi